Kiojibwe kina lahaja ngapi? Nilijifunza Minnesota, nikahamia Ontario nikakwama kwenye neno "kiatu"

Msafiri wa Maziwa Makuu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naleta mada ambayo humu sijaiona. Wengi tunaoishi Marekani na Kanada tunakaa juu ya ardhi ya watu wenye lugha zao, na tunaweza kumaliza miaka kumi bila kujua hata salamu yao. Mimi nilikaa Minneapolis, jimbo la Minnesota, miaka sita. Jirani yangu alikuwa mama wa Kiojibwe, taifa la wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ndiye aliyenianzishia. Nikanunua kamusi ya Kiojibwe cha Minnesota, nikawa nasoma kila usiku baada ya kazi. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nafuata maongezi ya kawaida, na moyoni niliamini kwamba nimejifunza Kiojibwe.

Kisha nikahamia Ontario, nikapata kazi ya kuhudumia wazee kisiwa cha Manitoulin, ndani ya Ziwa Huron. Wiki ya kwanza babu mmoja aliamka akitafuta kiatu kilichoingia chini ya kitanda. Akasema neno nililolisikia kama *nmakzin*. Silijui. Usiku nikafungua kamusi, kwenye N hamna. Siku ya pili mwenzangu wa kazi akaniambia kiatu ni *mkizin*. Nikatafuta M ikifuatwa na K, hakuna neno hata moja linaloanza hivyo. Kamusi yangu ilikuwa na *makizin*, na "kiatu changu" ni *nimakizin*.

Angalieni vizuri. Kiatu: *makizin* kule, *mkizin* huku. Kiatu changu: *nimakizin* kule, *nmakzin* huku. Kwenye *mkizin* irabu iliyopotea ni a, lakini kwenye *nmakzin* ile a imerudi na iliyopotea ni i mbili. Neno ni lile lile, ila irabu zinajificha na kuibuka. Nilikaa na jambo hili miezi mingi kabla ya kulielewa. Nataka kuwaeleza nilichojifunza, na mwenye ujuzi zaidi aongeze.

---

Bint Makunduchi

Ahsante kaka kwa uzi huu. Nina swali la mtu asiyejua. Huko si kumeza silabi tu, kama tunavyosema "n'takuja" badala ya "nitakuja" tukiwa na haraka? Ukimwambia babu aseme polepole, zile irabu hazirudi?

---

Msafiri wa Maziwa Makuu

Dada Bint Makunduchi, hata mimi nilidhani hivyo, nikamwomba babu aseme polepole. Akasema polepole: *nmakzin*. Hazirudi. Kwa wasemaji wa lahaja hii neno ndivyo lilivyo, na wakiandika wanaandika hivyo hivyo.

Ila upotevu wenyewe una hesabu yake. Kiojibwe kina irabu fupi tatu: i, o, a. Ndefu ni nne: ii, oo, aa, na e, ambayo huandikwa mara moja tu kwa sababu haina fupi yake. Sasa chukua neno, anzia kushoto. Irabu fupi unazipanga mbili mbili. Ya kwanza katika kila jozi ni dhaifu, ya pili ina nguvu. Irabu ndefu ina nguvu daima, na baada yake hesabu inaanza upya. Silabi ya mwisho wa neno nayo ina nguvu daima. Kwenye lahaja za pande hizi za Ontario, Odawa na ile ya Mashariki, kila iliyo dhaifu imeanguka.

*Makizin*: ma dhaifu, ki ina nguvu, zin ni ya mwisho. Inaanguka a ya kwanza, unapata *mkizin*. Ukiongeza *ni-* ya "changu", hesabu inasogea hatua moja: ni dhaifu, ma ina nguvu, ki dhaifu, zin ya mwisho. Unapata *nmakzin*. Ndiyo maana a iliibuka: zamu yake ilibadilika.

Jaribu na jina la watu wenyewe. *Anishinaabe*: a dhaifu, ni ina nguvu, shi dhaifu, naa ndefu, be ndefu. Unapata *Nishnaabe*, na ndivyo watu wa Manitoulin wanavyojiita. Lugha yao ni *Nishnaabemwin*. Minnesota ni *Anishinaabemowin* au *Ojibwemowin*. Kitabu, *mazina'igan*, kinakuwa *mzin'igan*. Hata namba: tatu ni *niswi* kule, *nswi* huku, tisa *zhaangaswi* na *zhaangswi*, kumi *midaaswi* na *mdaaswi*. Lakini nne, *niiwin*, na tano, *naanan*, ziko sawa pande zote, kwa sababu zina irabu ndefu mwanzoni na silabi ya mwisho haiguswi.

Siku nilipoielewa hesabu hii nilichukua daftari nikaandika maneno mia ya kamusi yangu ya Minnesota, nikayakata mwenyewe, kisha nikamsomea mwenzangu wa kazi. Mengi yalitoka sawasawa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa jambo la sarufi.

Na jambo hili si la kale sana. Askofu Baraga, mmisionari kutoka Slovenia aliyefanya kazi pande za Ziwa Superior na Michigan, alichapa kamusi yake mwaka 1853, na maneno humo yana irabu zote. Kufika miaka ya 1930, msemaji wa kisiwa cha Walpole aliyewasimulia wanaisimu hadithi zake alikuwa tayari anazififisha. Leo hazipo. Vizazi vichache tu.

---

Mzee wa Likasi

Ndugu, unanikumbusha kitu. Sisi huku Katanga tunasema *mutu, muti, mukubwa*. Watu wa pwani wanatucheka eti tunaongeza u. Lakini u ndiyo ya zamani, wao ndio walioiangusha wakabaki na *mtu, mti, mkubwa*. Kwa hiyo huyo wa Minnesota ni kama sisi wa Likasi, na wa kisiwani ni kama mtu wa Unguja.

Sasa utupe ramani. Ni lahaja ngapi, na ziko wapi?

---

Msafiri wa Maziwa Makuu

Mzee wangu, shikamoo. Mfano wako nimeupenda, nitautumia. Tofauti ni kwamba u yetu ilianguka kwenye kiambishi cha *mu-*, na kwao hesabu inapita neno zima.

Ramani. Fikiria mnyororo mrefu unaoanzia Quebec, unapita Ontario, Manitoba, hadi Saskatchewan, na upande wa Marekani Michigan, Wisconsin, Minnesota na North Dakota. Kila kijiji kinaelewana na jirani yake. Ukichukua mtu wa ncha moja ukampeleka ncha nyingine, kazi inakuwa kubwa. Hakuna mahali unaweza kusimama ukasema "hapa lahaja imeisha". Ndiyo maana hesabu ya lahaja inategemea nani anahesabu.

Minnesota na Wisconsin ndiyo lahaja ya Kusini-Magharibi, ambayo kwenye karatasi za serikali ya Marekani huitwa Chippewa. Chippewa na Ojibwe ni neno moja lililosikiwa na masikio mawili ya wageni. Tamka "Ojibwe" uangushe O ya mwanzo utaona. Ndiyo yenye kamusi ya sauti ya intaneti ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na shule ya Waadookodaading kule Lac Courte Oreilles, Wisconsin, inayofundisha watoto masomo yote kwa Kiojibwe.

Magharibi, nyanda za Manitoba na Saskatchewan, wanaitwa Saulteaux. Jina ni la Kifaransa, watu wa maporomoko, kwa sababu Wafaransa waliwakuta Sault Ste. Marie, penye maporomoko kati ya Ziwa Superior na Ziwa Huron. Biashara ya manyoya iliwasogeza magharibi, jina likawafuata.

Kaskazini ya mbali ya Ontario, huko vijiji vingi hufikiwa kwa ndege au kwa barabara za barafu wakati wa baridi, kuna Kisevern, ambacho wengi hukiita Oji-Cree, mchanganyiko wa Kiojibwe na Kikrii. Mashariki, kwenye bonde la mto Ottawa na Quebec, ndiko Kialgonquin. Na kusini-mashariki ndiko hii yetu ya kuangusha irabu: Odawa pande za Manitoulin na Michigan, na ile ya Mashariki kuzunguka ghuba ya Georgian.

Hapa kuna jambo linalochanganya wengi. Mji mkuu wa Kanada unaitwa Ottawa, kutokana na Waodawa. Lakini ardhi ile ni ya Waalgonquin. Waodawa walikuwa wafanyabiashara, jina lao huhusishwa na kitenzi *adaawe*, kufanya biashara, na mto ulikuwa njia yao. Kwa hiyo usidhani lugha ya Ottawa, yaani Kiodawa, ni lugha ya mji wa Ottawa.

Tofauti za msamiati ziko pia. "Wapi?" Minnesota ni *aandi* au *aaniindi*, kwa Waodawa ni *aapiish*. "Hiki" ni *o'ow* kule na *maanda* huku. "Huyu" ni *wa'aw* kule na *maaba* huku. Maneno haya madogo ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote. Ukisikia *maanda* na *maaba* mara mbili ndani ya dakika moja, ujue uko kwa Waodawa. Suruali ni *giboodiyegwaazon* Minnesota, huku ni *miiknod*, hayafanani hata kidogo. Kahawa Minnesota wazee huiita *makade-mashkikiwaaboo*, yaani maji meusi ya dawa. Huku wanasema *kaapii* basi.

Salamu nayo: kusini utasikia *boozhoo* na *aaniin*, Waalgonquin husema *kwe*, na kaskazini kwa Kisevern *waachiye*, ambayo ilitokana na salamu ya mabaharia wa Kiingereza wa zamani. *Boozhoo* wapo wanaosema ni "bonjour" ya Kifaransa, wapo wanaoihusisha na Nanabozho, shujaa wa hadithi zao. Wazee niliowauliza walikataa ile ya Kifaransa, na mimi sina haja ya kubishana nao juu ya salamu yao. Shukrani ni *miigwech* karibu kila mahali. Hiyo ukiijua hupotei.

---

Nyika Baridi

Mimi niko Winnipeg mwaka wa kumi na moja, mke wangu ni wa jamii hizi, upande wa mama yake wanatoka kaskazini. Mkuu, uzi wako ni mzuri na nimeufurahia, lakini kwenye Oji-Cree naomba nikurekebishe. Usiandike "mchanganyiko". Mama mkwe wangu jina hilo linamkera. Wao hujiita *Anishininiwag* na lugha ni *Anishininiimowin*. Sarufi yake ni ya Kiojibwe. Imekopa kutoka Kikrii kwa sababu ni majirani wa siku nyingi, lakini kukopa maneno hakugeuzi lugha kuwa mchanganyiko. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, na mtu akisema ni mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu humu ndani tunamshukia wote.

Pia umesahau sauti. Kaskazini na huku kwetu nyanda za magharibi, konsonanti nzito inatanguliwa na pumzi. Ardhi Minnesota wanaandika *aki*. Huku utasikia na kuona *ahki*, kuna h kabla ya k. Mtu aliyezoea ya kusini anadhani unataka kukohoa.

Na maandishi! Kaskazini hawatumii herufi za Kilatini, wanatumia silabi. Umbo moja linageuzwa pande nne, na upande linaoelekea ndio unaokwambia irabu: ᐁ ni e, ᐃ ni i, ᐅ ni o, ᐊ ni a. James Evans, mmisionari Mmethodisti, ndiye anayetajwa vitabuni kuwa aliyatengeneza pale Norway House mwaka 1840, akiyeyusha madini ya risasi ya makasha ya chai kupata herufi za kuchapia. Wakrii wana simulizi yao kwamba maandishi hayo alipewa mzee wao kutoka ulimwengu wa roho. Mama mkwe anasoma silabi kwa kasi kuliko mimi ninavyosoma gazeti.

---

Msafiri wa Maziwa Makuu

Nyika Baridi, nimekosea, na nakushukuru. "Mchanganyiko" nalifuta. Nilibeba jina walilopewa na wengine bila kuuliza wenyewe wanajiitaje, jambo ambalo nilipaswa kuwa wa kwanza kuliepuka. Msalimie mama mkwe.

Kwenye maandishi nitoe mfano mmoja. Kuna jamii mbili zenye jina lenye maana moja, Mto wa Bustani. Moja iko Quebec, ya Waalgonquin: Kitigan Zibi, na kwa alama zao Kitigàn Zìbì. Nyingine iko Ontario karibu na Sault Ste. Marie, na kwa maandishi ya irabu mbili mbili, yale ya kuandika irabu ndefu mara mbili, ni Gitigaan-ziibi. Mgeni akiona K na G, à na aa, anadhani ni lugha mbili. Maandishi ya irabu mbili mbili yalianzishwa miaka ya 1950 na mmisionari Charles Fiero, na ndiyo yaliyoenea zaidi kusini, lakini Quebec wana yao, nyanda za magharibi wanaandika ē na kistari juu, na kaskazini ndizo silabi. Sehemu ya tofauti tunazoziona kwenye karatasi hazimo midomoni.

---

Mwl. Kitwana

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naona wenzetu wanahitaji walichofanya Waswahili mwaka 1930. Kiunguja kilikuwa kimeshachaguliwa, kamati ikaundwa ikakisanifisha, leo tunaandikiana humu kutoka Likasi hadi Winnipeg na tunaelewana. Lugha yenye wasemaji wachache na maandishi manne itaokokaje? Wachague lahaja moja, wachape vitabu, watoto wasome. Vinginevyo kila kijiji kitakufa na lahaja yake.

---

Msafiri wa Maziwa Makuu

Mwalimu wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na wapo Waojibwe wenyewe wanaoitoa. Lakini mimi sikubaliani, na niseme kwa nini.

Kwanza, kamati ya 1930 ilikuwa ya wakoloni, na Mombasa hadi leo wapo wanaouma kwamba Kimvita, chenye mashairi yale yote, kiliwekwa kando. Sisi tulimudu hasara ile kwa sababu Kimvita kiliendelea kusemwa nyumbani. Mtoto wa Mombasa alirudi kutoka shule akamkuta bibi yake.

Kwa Waojibwe hali ni nyingine. Watoto wao walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni, wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Kanada shule za mwisho za aina hiyo zilifungwa miaka ya 1990. Minnesota na Ontario kusini, waliobaki wakisema lugha hii tangu utotoni wengi ni wazee. Sasa mjukuu ajifunze lugha "sanifu" darasani, arudi kwa babu aliyebaki peke yake mwenye *nmakzin*, amwambie *nimakizin*? Babu atadhani mtoto anamsahihisha. Na babu huyo alishasahihishwa kwa fimbo akiwa na miaka saba. Niliyaona haya kwa macho yangu: binti mmoja aliyejifunza kwa programu ya simu alimwambia bibi yake kwamba "neno sahihi" ni jingine. Bibi akanyamaza, jioni ile akaongea Kiingereza tu.

Pili, lahaja hizi zimejibadilisha ndani kwa ndani, huwezi kuchomoa kipande kimoja. Minnesota *bimose* ni "anatembea". Ukitaka "yule atembeaye" unageuza irabu ya kwanza, i inakuwa e: *bemosed*. Ni kanuni ya kale sana. Lakini kwa Waodawa "anatembea" ni *bmose*. Ile i ya kugeuzwa haipo tena! Wakafanyaje? Wengi hubandika *e-* mbele ya neno zima. Yaani upotevu wa irabu ulivunja kanuni, nao wakajenga nyingine. Vivyo hivyo kwenye "changu" na "chako": kwa baadhi ya wasemaji kiambishi kimeshika umbo jipya kama *nda-* na *gda-* mbele ya shina lililokwisha kukatwa. Ukimrudishia Modawa irabu zake zote unabomoa nyumba aliyokwisha kuijenga upya.

---

Mwl. Kitwana

Ahsante kijana wangu. Hili la babu kusahihishwa mara ya pili sikulifikiria. Bado naona maandishi ya pamoja yangesaidia, hata kama matamshi yatabaki mengi.

---

Nyika Baridi

Mwalimu, hapo kwenye maandishi niko na wewe nusu. Kusini inawezekana na karibu imekuwa. Lakini kaskazini ukimnyang'anya mama mkwe silabi zake, umemnyang'anya Biblia yake, barua za marehemu mumewe na kila ubao wa tangazo kijijini.

---

Bint Makunduchi

Nina mpwa wangu yuko Duluth anasoma, mwenzake wa chumbani ni Mwojibwe na anataka amsalimie kwa lugha yake na kutaja jina. Aseme vipi? Na ajifunze lahaja gani?

---

Msafiri wa Maziwa Makuu

Duluth iko Minnesota, ncha ya Ziwa Superior, kwa hiyo aanze na ya Kusini-Magharibi: *Boozhoo*, kisha *indizhinikaaz*, yaani "naitwa", na jina lake kabla au baada. Kule *ni-* ya mwanzo mara nyingi husikika *in-*. Huku kisiwani ningemwambia *ndizhnikaaz*, na kwa hesabu niliyoeleza juu anaweza kuitoa mwenyewe kutoka *nindizhinikaaz*.

Lakini kabla ya yote amuulize mwenzake, kwa upole, kwao ni wapi. Akisema kwao ni Red Lake au Mille Lacs, sawa, kamusi ya Minnesota inamfaa. Akisema familia yao ilitoka Wiikwemkoong huku Manitoulin, au Sandy Lake kaskazini ya mbali, aifunge kamusi, amwombe namba ya bibi.

Yule babu wa kiatu sasa ananifundisha kila Jumanne baada ya chai. Jana nilijisahau nikasema *mazina'igan*. Akaniangalia, akasema, "Hivyo ndivyo alivyosema bibi yangu." Kisha akanifanya nirudie, na safari hii hakuniambia niangushe irabu.